Fukusi Kwenye Kidani

Mke wangu alikwenda Muheza kumzika shangazi yake, akarudi na machungwa, kama anavyorudi kila atokaye Muheza. Chini ya machungwa palikuwa na mfuko wa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinang'aa kana kwamba zimepakwa rangi ya kucha moja moja. Akazimwaga kwenye sinia, sinia akaliweka mezani kwangu, akasema, "Baba Watoto, nimepata biashara."

Nilikuwa nanyoa ndevu. Mwanamume mwenye wembe shingoni habishani.

Mpango ulikuwa umeshaiva ndani ya gari, kati ya Muheza na Tanga mjini, na huo si mwendo mrefu. Vidani, hereni, bangili na vikuku, vyote vya mkono, vyote vya vitu vya asili: mbegu, vifuu, maua, makombe ya pwani. Wageni wanaopita kwenda Pangani wangenunua, na akina mama wa mjini waliochoshwa na plastiki za dukani wangenunua zaidi. Binti yetu mkubwa alikuwa ameshaahidi kupiga picha za kuweka mtandaoni. Kilichokuwa hakijasemwa ni mahali pa kufanyia kazi, na sinia lilikuwa limeshakalia jibu. Ile ndiyo meza ninayofanyia hesabu za msikiti.

Aliyeizima biashara hiyo kabla ya magharibi ni mama mkwe. Anakaa nasi, chumba cha uani, na friza ya nyumba hii ni yake. Humo ndimo zinamoganda barafu za ubuyu anazowauzia watoto wa mtaa. Mkwe habishiwi, na mkwe mwenye friza habishiwi mara mbili. Alikuwa akipita na ufagio, akaliona sinia, akamwona mjukuu wake mdogo amezamisha mikono yote miwili ndani yake, akautupa ufagio chini.

"Nani kaingiza macho ya tipitipi humu ndani?"

Zile zilikuwa mbegu za mturituri, mmea utambaao vichakani, na watu wa pwani wamezifananisha na macho mekundu ya ndege tipitipi. Ndani yake mna sumu iitwayo abrini, ambayo kidogo tu yatosha kumuua mtu mzima. Kinachowaokoa wengi ni ganda: ni gumu kiasi kwamba aliyemeza mbegu nzima mara nyingi hutoka nayo salama, imepita tumboni bila kupasuka. Balaa huanza ikitafunwa au ikitobolewa. Na mbegu haiwi ushanga mpaka itobolewe.

Mke wangu akajitetea kwamba nchi nyingi watu wanazivaa, na kwamba masonara wa Kihindi walizitumia karne na karne kupimia dhahabu. Ni kweli. Uzito wake hautofautiani sana, gramu 0.12 hivi kila moja, na kipimo hicho wakakiita rati. Mama mkwe akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Vizuri. Na wewe pimia dhahabu. Iko wapi?"

Sinia lote likaishia kwenye shimo la choo, na mtoto akaoshwa mikono mpaka akalia.

Mke wangu si mtu wa kukata tamaa. Ni mtu wa kubadili mbegu. Akaja na komwe, zile za kijivu zinazookotwa vichaka vya ufukweni, ngumu, laini mkononi, hazina ubaya na mtu yeyote ukiacha drili. Kijana wetu wa kiume aliahidiwa shilingi mia kwa kila komwe kumi, akazileta kwa wingi na kwa haraka, tukamsifu kwa bidii yake. Kesho yake mzee mmoja wa barazani akabisha hodi, akakaa, akanywa kahawa, akaulizia afya ya kila mtu mpaka kuku. Ndipo akasema bao lao lina kete 64, na kwamba tangu jana wanacheza na pungufu, na mwenzake mmoja anadai amefungwa kwa sababu hiyo. Ghafla kijana alikuwa amekwenda uani kumtazama kuku. Komwe tukazirudisha, baadhi zikiwa na matundu. Naambiwa wanazichezea hivyo hivyo, ila aliye nyuma huomba zenye matundu ziwe upande wa mwenzake.

Ndipo zikaja mbegu za ukwaju. Hizi ndizo zilizomfanya mke wangu aamini kwamba Mungu alikuwa upande wake. Muuza juisi wa Ngamiani alikuwa na gunia la ukwaju mkavu na mbegu hazikuwa na kazi kwake. Ukizipiga msasa kidogo na kuzipaka mafuta ya nazi, zinatoa rangi ya kahawia iliyokolea ambayo hata mimi, nisiyeelewa mambo ya shingo, nilisimama nikaitazama. Akatunga kidani cha nyuzi tatu kwa mshipi wa kuvulia samaki, akampa dada yangu avae kwenye sendoff ya binti wa rafiki yake. Dada yangu ni mwalimu mkuu. Kumvisha yeye ni tangazo lisilolipiwa.

Ukumbini kwanza ulionekana unga. Mama aliyekaa naye meza moja akamwambia kwa upole, "Dada, poda yako inamwagika." Dada yangu akapangusa. Unga ukarudi, mwembamba, wa rangi ya mchanga, umejipanga juu ya kitenge kwenye mstari uleule wa kidani. Wakati bibi harusi anamlisha mama yake keki, mdudu mweusi mdogo mwenye pua ndefu akatoka kwenye mbegu ya katikati, akapunga mguu mmoja hewani, akaanza safari ya kuelekea sikioni.

Mwalimu mkuu hapigi kelele hadharani. Alikivua kidani, akakifunga kwenye tishu, akakitia mkobani, akapiga makofi mpaka sherehe ikaisha. Saa nne za usiku alikuwa mlangoni kwetu.

"Wifi, hiki kidani chako kinatembea."

Wakakikung'utia kwenye sahani nyeupe. Jirani yetu, ambaye amekulia Tabora, alisikia mazungumzo juu ya ukuta, akaja na tochi na uzoefu. Akamtazama yule mdudu akatikisa kichwa. "Huyu Scania huyu. Angalieni na meza." Kwa wasiojua: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tabora iliingiliwa na mdudu wa mahindi kutoka Amerika ya Kati, mharibifu kuliko waliozoeleka, na wakulima wakampa jina la lori lile kubwa, kwingine anaitwa dumuzi. Yeye hula mahindi na mihogo mikavu, na mbao huzitoboa vilevile. Nilikwenda kuikagua meza yangu usiku uleule. Ilikuwa nzima. Wetu alikuwa fukusi tu wa ukwaju, ambaye mama yake huweka mayai wakati tunda liko bado mtini au ghalani. Buu hukua ndani ya mbegu akila taratibu, na nje huoni kitu mpaka siku anapotoboa kidirisha cha mviringo na kutoka akiwa mtu mzima.

Dawa yake ni baridi kali au joto. Hatuna oveni. Joto la juani tulishalijaribu, na matokeo yalikuwa sahanini. Ikabaki friza.

Mazungumzo ya kupata droo moja ya friza ya mama mkwe yalichukua muda mrefu kuliko nilivyochukua kulipa mahari, na yaliendeshwa na mke wangu peke yake, kwa kuwa mimi ni mkwe. Alipewa droo ya chini, wiki mbili kwa kila mfuko wa mbegu, kwa masharti kwamba mifuko iwe na alama. Alama zikawekwa kwa kalamu ya wino, na wino na barafu havipatani. Mtoto wa nyumba ya tatu akaja na shilingi mia, akapewa na mjukuu kifuko kilichoganda, akaondoka anakinyonya. Alirudi baada ya nusu saa kulalamika kwamba ubuyu wa leo hauishi utamu kwa sababu hauna. Mama yake naye akaja. Tangu hapo mbegu zinakaa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yenye mfuniko, na umeme ukikatika mke wangu hukimbilia friza kabla ya kutafuta mshumaa, kwa sababu mbegu zikiyeyuka na kutoa jasho huota ukungu, na ukungu hauendi kokote hata kwa brashi.

Ilipofika zamu ya maua nilidhani tutapumzika. Ua halina fukusi.

Tanga ina ua lake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona mmea mdogo wa maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la ukoo wao: Saintpaulia. Leo madirisha ya Ulaya na Marekani yamejaa ua la Usambara kwenye vyungu, na wengi wa wanaolimwagilia hawajui Usambara iko wapi. Huku kwenyewe, porini, liko kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na msitu ukikatwa nalo limekwisha. Kwa hiyo mke wangu, ambaye pengine ningemlaumu kwa mengine lakini si kwa hili, hakukubali mtu yeyote amletee la kutoka msituni. Alikuwa na chungu dirishani. Akachuma maua ya chunguni, akataka kuyatia ndani ya rezini, yaonekane milele yamesimama shingoni mwa mtu.

Ua bichi ndani ya rezini linageuka kahawia na kutoa mapovu, hivyo ni lazima likaushwe kwanza. Ya kulaliwa na kitabu aliyaweka ndani ya kamusi yangu, na sasa herufi M ina doa la zambarau ambalo halikuwemo kwenye chapa. Yale aliyotaka yabaki na umbo lake aliyafukia kwenye mchele, maana mchele hunyonya unyevu. Mchele aliochagua ni ule wa kwenye kopo la jikoni. Hakumwambia mtu.

Ijumaa hiyo tulikuwa na mgeni, mzee anayeheshimika pale msikitini, nimemwita tupitie hesabu. Mama mkwe akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilipofunua hotpoti niliona vidoa vya zambarau vimetapakaa kwenye wali mweupe, baadhi bado na umbo la ua. Mke wangu akaviona. Akashika kifua. Mzee akachota, akaangalia, akauliza kwa adabu zote, "Maashallah. Hii zafarani?"

"Zafarani," akajibu mama mkwe bila kupepesa. "Ya Pemba."

Mzee akasema alikuwa hajui kama Pemba wanalima. Akaongeza sahani. Ua lenyewe halina sumu, hilo nililihakikisha baadaye, lakini kwa muda wote aliokula mimi sikusoma tarakimu hata moja sawasawa.

Rezini sitaieleza sana kwa sababu kikombe kile kilikuwa cha mama mkwe, na kesi bado iko wazi. Ni vimiminika viwili, kimoja cha kugandisha kingine, na vikichanganywa vinajipasha joto vyenyewe. Kidogo kidogo, kwenye kidani, joto hilo linapotea hewani. Ukichanganya kikombe kizima kwa wakati mmoja ili uokoe muda, halina pa kwenda: mchanganyiko unatoa moshi, unapasuka, na kikombe cha plastiki kilichokuwa kimetoka Maka na hija ya marehemu baba mkwe kinalala ubavu mezani. Pendanti zilizopona ziliganda wakati wa masika. Unyevu wa miezi ile uliziacha zinanata juu, hazikukauka hata zilipoachwa kwa wiki, na ukiziweka karibu na dirisha zinakusanya kila kitu kirukacho. Pendanti moja ilinasa sisimizi. Mtalii aliipenda hiyo kuliko zote, akauliza kama kuna nyingine ya namna hiyo, na mke wangu, nasikitika kusema, akamwambia zinatengenezwa kwa oda.

Madini nayo yalituletea kesi za masikio. Vikulabu vya hereni tulivyouziwa kama vya fedha havikuwa vya fedha. Vilikuwa na nikeli, ambayo ngozi za watu wengi hazivumilii. Mteja wa kwanza kulalamika alituma picha. Sitaielezea. Pesa zake zikarudishwa, na vikulabu vya chuma kisichoshika kutu, kile wanachotumia hospitalini, vikaagizwa kwa bei iliyonifanya nikae chini.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Kwa mazoea ya hesabu za watu wengine, nilipanga: mbegu, mshipi, vikulabu, rezini, kikombe, umeme wa friza. Nikajumlisha. Nikamwonyesha mke wangu kwamba kila hereni inayouzwa shilingi 5,000 inatuingizia kitu, ingawa kidogo. Akalitazama daftari kwa muda.

"Na mikono yangu umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika. Hakuna anayeiandika, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Mtu akienda kwa sonara anapimiwa gramu, anatoa pesa, ananyamaza. Akija kwetu anaishika hereni, anaigeuza, anasema, "Si kifuu tu hiki? Chukua elfu mbili." Kifuu ni kweli ni bure. Asubuhi nzima ya kukikata, kukitoboa na kukisugua mpaka kikawa chembamba kama kilivyo haimo kwenye maneno yake, na ukimtajia anadhani unamsimulia.

Ndiyo, tumefikia vifuu, maana ndivyo vilivyotuokoa. Vilikuwa jikoni siku zote. Mama mkwe huwashia jiko, na huko nyuma watu wa pwani walivifanya upawa na kata ya maji. Hakuna mdudu anayevitaka, havina sumu, havinati, havihitaji friza. Ukikata kwa msumeno wa chuma ukafuata mviringo wake, ukapiga msasa kuanzia namba 120 mpaka 400, kisha ukapaka mafuta yaliyotoka kwenye nazi ileile, unapata weusi wenye michirizi ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuurudia, kwa sababu kila nazi ina yake. Shida ni vumbi. Linaingia kwenye chai, kwenye mashuka, kwenye kanzu ya Ijumaa. Watoto wanapiga chafya rangi ya kahawia.

Alikuja pia mvuvi mmoja na gamba la ng'amba kwenye gunia, anaongea kwa sauti ya chini. Lilikuwa zuri mno, sitadanganya. Mke wangu akamrudisha mlangoni: ng'amba ni kasa aliyekwisha sana baharini, na biashara yake imepigwa marufuku kimataifa tangu miaka ya 1970. Kauri tu ndizo alizokuwa nazo, za bibi yake, zilizokuwa kwenye kikapu tangu enzi hizo. Nilimweleza kwamba katika karne ya 19 makampuni ya Hamburg yalipakia kauri kutoka Zanzibar, meli kwa meli, kuzipeleka Afrika Magharibi zikatumike kama pesa. Akaniuliza kama bado wananunua.

Jioni moja alikuwa amechoka, vidole vimechubuka, hakuna mteja aliyepiga simu. Nikataka kumtia moyo. Nikamwambia habari za pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, ng'ambo ya mpaka wetu: wataalamu wamechimba humo wakakuta ushanga wa kombe wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Miaka elfu sitini, Mama Watoto. Kazi yako ni ya zamani kuliko kilimo, kuliko mji, kuliko pesa yenyewe.

Akapuliza vumbi kwenye hereni.

"Na huyo wa pangoni aliuza shilingi ngapi?"

Wiki iliyopita imeingia oda. Bibi harusi wa Chumbageni anataka hereni na vikuku vya vifuu kwa wapambe wake wote, sare, na malipo ya awali yameshafika kwenye simu. Nyumba imekuwa karakana: binti anatoboa, kijana anakata chini ya ulinzi, mimi nimekabidhiwa msasa, na hesabu za msikiti nazifanyia kitandani. Mama mkwe alitutazama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akaitisha kikao uani, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

"Nazi zinakunwa na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Vifuu vya nani?"

"Vyako."

"Basi nataka theluthi."

Mke wangu akasema vifuu hivyo alikuwa akivichoma moto. Mama mkwe akasema moto nao ulikuwa wake. Wakaendelea mpaka adhana ya magharibi. Nilitakiwa niandike kitakachoamuliwa, na mpaka leo asubuhi ukurasa una tarehe tu. Mke wangu ameshuka kwenye robo, na mama mkwe amekubali robo, ila anataka ianze kuhesabiwa tangu kikombe.